Kamba ya Zuena: Kahawa Iliyonywewa Baleni

Ngo. Ngo. Ngo.

Mara tatu. Kisha kimya.

Wiki iliyopita, msomaji, tulimwacha Zuena Muhidini ndani ya stoo ya vifaa isiyo na dirisha, mlango umefungwa kwa nje, kifuani amekumbatia daftari la kamba aliloingia kulichukua. Ilikuwa mchana wa jua kali, lakini humo ndani hakuona hata vidole vyake. Alisikia tu.

Mtu mwingine angedhani ni hodi. Zuena ni mzamiaji wa Shirika la Mkono Salama, kituo cha uokoaji cha Utende, na chini ya maji mzamiaji hana mdomo. Ana kamba. Akivuta mara moja, niko salama. Mara mbili, nilegezee. Mara tatu, nivute, nakufa.

"Mara tatu maana yake nini, dada Zuena?"

Sauti ilipenya chini ya mlango, tulivu, kama ya mtu anayeuliza bei ya dagaa. Ilikuwa sauti ya Suhail Mbarouk, mshika kamba wake, anayebaki botini kumvuta.

"Fungua, Suhail. Kikao ni saa nane."

"Najua. Na mimi nimeitwa, nimevaa na kanzu mpya. Nimekuuliza, mara tatu maana yake nini?"

"Unajua."

"Nataka nisikie kwako. Sema 'nivute'. Neno moja tu. Nafungua, tunaongozana kikaoni kama watu wenye adabu zao."

Barua ya wito ilikuwa wazi: mlalamikaji asipofika saa nane kamili, lalamiko limefutwa. Zuena alikuwa amebakiwa na dakika saba au nane. Neno moja tu, na mlango ungefunguka.

Hakulisema.

"Unaringa," Suhail akasema, na kicheko kilisikika ndani ya sauti yake. "Mtoto wa mkwea minazi, unaringa ndani ya stoo iliyojengwa kwenye kiwanja cha baba yangu. Haya, ringa."

Nyayo zikaondoka.

Zuena alipapasa sakafuni. Mkono wake ukagusa spana, kisha mtungi wa hewa uliokuwa mtupu. Akaupiga. Mtungi ulilia kama kengele ya shule. Akaupiga tena na tena, mpaka masikio yakaziba, mpaka komeo likalia na mlango ukafunguka.

Hakuwa Suhail. Alikuwa Warda, binti wa miaka ishirini na mbili anayekwenda nao baharini kuandika daftari: kamba imevutwa saa ngapi, mara ngapi, imejibiwa saa ngapi.

"Nani kakufungia, dada?"

"Si umepishana naye hapo nje?"

Warda akatazama chini. "Mimi nimepishana na upepo."

"Warda. Ukurasa wa arobaini na moja ni mwandiko wako."

"Ni wangu."

"Utasema?"

"Mama analima mwani kule kisiwani Juani, dada. Boti inayomvusha ni ya kina Suhail. Wakimshusha, atavuka vipi? Kwa kuogelea?"

Zuena alibana daftari kwapani. Alikimbia.

*

Aliingia chumba cha kikao saa nane kasoro dakika moja, jasho usoni, daftari mkononi. Akasimama mlangoni kama aliyegonga ukuta.

Mbele alikaa Bi Ruwaida, afisa utumishi aliyetumwa na makao makuu Dar es Salaam. Kompyuta ilikuwa wazi mezani na begi lake lilikuwa tayari limefungwa, kwa sababu ndege yake ingeondoka Kilindoni saa kumi na nusu. Kulia kwake alikaa Bwana Shamte, meneja wa kituo. Kushoto Suhail, kanzu nyeupe, mikono juu ya magoti, mpole kama mwanafunzi wa madrasa.

Na kando ya Suhail, upande uleule wa meza, alikaa baba yake Zuena.

Mzee Muhidini alivaa koti la sikukuu na kofia iliyodariziwa kwa mkono. Alimtazama mwanawe kwa fahari.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Umefuata nini huku?"

"Wameniita kama shahidi. Nimekuja kukusaidia."

Msomaji, kama una binti, kaa vizuri.

"Tuanze," Bi Ruwaida akasema. "Tarehe tatu tulipokea malalamiko ya Zuena Muhidini dhidi ya mfanyakazi mwenzake Suhail Mbarouk, ya unyanyasaji wa kijinsia kazini. Tarehe tisa familia mbili zilikutana Baleni zikafanya sulhu. Hati hii hapa. Mzee, hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hasha. Mimi nani anilazimishe nyumbani kwangu?"

"Kwa hiyo mlalamikiwa ameomba radhi, familia imepokea, na familia haina dai tena, iwe kwa kijana au kwa mwajiri wake. Ndivyo hati inavyosema. Sina la kuongeza."

"Baba," Zuena akasema polepole. "Ulifanya nini?"

Mzee Muhidini alitabasamu. Hilo ndilo lililomuumiza Zuena kuliko yote, lile tabasamu.

"Nilikushindia kesi, mwanangu. Sikiliza. Walikuja wazee watano wa kina Mbarouk, watu ambao tangu nizaliwe hawajavuka kizingiti chetu. Sinia la halua, dele la kahawa, ubani. Wakakaa chini kwenye mkeka wangu. Mtu asiye na kosa haji na halua nyumbani kwa watu. Nikasema moyoni, hawa wamekiri. Nikanywa kahawa yao mbele ya jirani, ili kukiri kwao kuwe na mashahidi. Nilikunywea wewe."

"Na karatasi? Hukuisoma?"

"Niliisoma. Mstari wa kwanza umesema 'Tunaomba radhi'. Kuna ushahidi gani zaidi ya huo?"

"Na mistari ya chini?"

Mzee alisita. "Wageni walikuwa wananitazama. Ningeendelea kusoma ingekuwa kama nawaambia siwaamini. Ndani ya nyumba yangu, kahawa yao iko mkononi mwangu?"

Hakuna aliyecheka. Suhail alikuna kidevu.

Hivyo ndivyo lalamiko lilivyouawa, wenzangu. Halikuuawa na hakimu wala kwa hongo. Liliuawa na adabu ya mzee wa Baleni.

Zuena alimgeukia meneja. "Bwana Shamte. Nani aliwapeleka wazee Baleni?"

"Mimi niliwashauri tu. Kiungwana. Mambo ya kwetu humalizwa kikwetu."

"Kwa gari la nani?"

"La kituo lilikuwa linapita huko."

"Lilikuwa linapita kwenda wapi?"

Shamte akanywa maji.

"Bi Ruwaida," Zuena akasema, "niliandika kwa mwajiri wangu. Sikuandika kwa kina Mbarouk wala kwa baba. Mwajiri akachukua barua yangu, akawapakia wazee kwenye gari lake, akawapeleka wakainyamazishe. Andika hilo."

Bi Ruwaida alimtazama. Vidole vyake vilikaa juu ya kompyuta, havikugusa herufi hata moja.

"Shirika haliwezi kuingilia mila za watu," akasema.

Mlango mmoja ulibaki. Zuena aliujua tangu mwanzo na alikuwa akiuogopa kuliko mkondo wa bahari wa Kinasi. Nyumbani alimwambia mama yake kuwa Suhail alimtamkia maneno tu. Maneno yanasemeka, yanasameheka. Lile lingine hakulitia mdomoni mbele ya mtu yeyote wa damu yake. Barua kwa mwajiri aliiandika kwa mkono wake na kuifunga kwa gundi.

"Baba, walikwambia wanaomba radhi kwa kosa gani?"

"Neno. Kwamba kijana alifanya utani usiofaa."

"Dada Zuena," Suhail akaingilia, laini kabisa, "mzee wa watu ana presha. Tumhurumie."

Zuena alimwangalia baba yake machoni, na akasema.

"Baba, mzamiaji akipanda botini, mshika kamba ndiye anayemvua mtungi na kumfungulia zipu ya mgongoni. Ndiyo kazi yake. Mwezi wa pili nimepanda sina nguvu, nimetoka kumtoa maiti. Mkono wake uliingia ndani ya suti yangu. Nikamsukuma. Akacheka. Mara ya pili tena. Mara ya tatu nikamzaba kofi. Siku iliyofuata nimezama kwenye matumbawe, nyavu zimenikamata mguu, nikavuta kamba mara tatu. Hakujibu. Nikavuta tena. Kamba ilikuwa imelala tu, Baba. Dakika mbili. Aliponipandisha aliniinamia sikioni akasema, 'Sasa umejua nani anakuvuta.' Hilo ndilo ulilolinywea kahawa."

Mzee Muhidini aliivua kofia yake. Zuena hakuwahi kumwona baba yake kichwa wazi mbele ya watu. Kilikuwa kidogo, cheupe, cha mzee kuliko alivyodhani.

"Nairudisha," mzee akasema. "Kahawa yao nairudisha. Na karatasi yao nairudisha."

"Kwa masikitiko, Mzee, umechelewa," akasema Bi Ruwaida, na akageuza hati upande wa pili. "Kujitoa ni kwa maandishi, kwa meneja, ndani ya siku saba. Leo ni siku ya kumi."

"Hiyo imeandikwa wapi?"

"Nyuma."

Mzee aliitazama karatasi ile kama mtu aliyeonyeshwa nyoka kwenye kitanda alichokwisha lalia.

"Basi soma hili," Zuena akasema, na akaliweka daftari mezani. "Ukurasa wa arobaini na moja. Saa nane na dakika kumi na mbili, mzamiaji amevuta mara tatu. Saa nane na kumi na nne, amepandishwa. Hii si mila. Hii ni kazi yenu, na daftari ni lenu."

Kwa mara ya kwanza Bi Ruwaida alionekana kuamka. Akasoma. Akasoma tena. Shamte alitoa kitambaa, akafuta shingo.

"Aitwe mwandishi," Bi Ruwaida akasema.

Warda aliingia akiwa ameshika redio ya mkononi kwa mikono miwili.

"Huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu, Bi."

"Kweli zilipita dakika mbili?"

Suhail hakumtazama Warda. Alitazama nje, upande wa gati, ambako boti za baba yake hufungwa.

"Saa yangu siku ile," Warda akasema, "ilikuwa mbovu."

"Mbovu vipi?"

"Inakimbia."

Bi Ruwaida akafunga daftari. Na sasa vidole vyake vikapata uhai, vikaandika haraka, na mwenyewe akawa anasoma kwa sauti huku anaandika. Suala limefungwa kwa sulhu. Mwajiri hana wajibu zaidi. Wafanyakazi wote wawili wanakumbushwa kuheshimiana. Jozi ya mzamiaji na mshika kamba itaendelea kama ilivyo mpaka ratiba mpya ya Januari. Na Zuena Muhidini anapewa barua ya onyo kwa kuingia stoo ya vifaa bila idhini.

"Nilifungiwa humo," Zuena akasema.

"Uliingia kabla hujafungiwa," akajibu Shamte.

Saa tisa na dakika kumi. Haki ya Zuena ilikuwa imechukua saa moja na dakika kumi kuisha, na chai haikuwa hata imeletwa.

*

Redio ya Warda ikakoroma.

Maneno yalitoka vipandevipande, sauti ya mwanamume anayepiga kelele katikati ya mawimbi. Boti ya wanawake wa mwani imepinduka ikitoka Juani. Walipakiwa wengi, na magunia juu yao. Mkondo umeikokota hadi mlango wa Kinasi. Sita wamening'inia kwenye mkuku, uti wa chini wa boti uliogeukia juu. Watatu wako chini ya boti, ndani ya tumbo lake, wanasikika wakigonga mbao.

King'ora kikalia. Watu wakasimama wote.

Warda hakusimama. Alikuwa ameketi sakafuni.

"Mama yumo," akasema. "Leo ni siku yake ya kuvuka. Mama yumo."

Zuena alikuwa tayari anavua viatu. Mwili wake ulianza kazi kabla kichwa hakijaambiwa. Kisha kichwa kikafika, na akasimama katikati ya uwanja, suti imefika kiunoni.

"Warda ashike kamba," akasema.

"Warda hana cheti," Shamte akajibu.

"Anajua. Ameniona nikizama mara mia."

"Dada, nielewe. Bima inamtambua mzamiaji aliyefungwa kwa kamba ya mtu mwenye cheti. Kituo hiki mwenye cheti ni mmoja. Akishika Warda ukapata tatizo, sisi hatuhusiki. Akishika Suhail ukapata tatizo, tunahusika. Nakulinda wewe."

"Mnahusika vipi? Si mmesema hamhusiki?"

"Hilo lilikuwa la chumbani. Hili la baharini."

Zuena alimgeukia Bi Ruwaida. Bi Ruwaida alikuwa mlangoni na begi lake, anatazama saa. "Meneja yuko sahihi," akasema. "Pole sana, dada. Kazi njema." Gari la kituo, lilelile lililokwenda Baleni, likamchukua kumpeleka uwanja wa ndege.

Zuena angeweza kukataa. Kanuni inamruhusu mzamiaji kukataa kamba. Angekaa pale ukingoni, na chini ya boti iliyopinduka wanawake watatu wangegonga mbao mpaka wachoke. Mmoja ni mama yake Warda, Bi Biubwa, ambaye kila Idi humletea Zuena bakuli la vileja.

Alivuta zipu mwenyewe, kwa uzi alioufunga kwenye zipu juzi ili asimhitaji mtu.

Gatini watu walikwisha jaa. Suhail alikuwa amevua kanzu, amevaa jaketi la uokoaji, kamba ya manjano imejikunja miguuni mwake. Zuena akaichukua ncha yake akajifunga kifuani haraka. Alijifunga fundo la kufyatuka, ambalo ukilivuta mkia linaachia. Lolote litokee, angalau awe na uwezo wa kujinasua kutoka kwa mtu huyu.

Suhail aliinama, akalitazama, akatikisa kichwa kama mwalimu.

"Hili si la kanuni, dada. Unataka meneja apate matatizo?" Akalifyatua kwa kidole kimoja. Akafunga lingine, polepole, vidole vyake vikikaa pale kifuani muda mrefu kuliko fundo linavyohitaji, mbele ya umati mzima wa watu wa Utende, na hakuna aliyeona chochote ila mfanyakazi akimhudumia mwenzake.

Baba yake aliona. Mzee Muhidini alikuwa amesimama hatua tatu tu, kofia bado mkononi. Mdomo wake ulifunguka. Lakini wanawake walikuwa wanalia gatini, na mtu mmoja akapaza sauti, "Nendeni basi, watu wanakufa," na mdomo ukafungwa tena.

Warda akajipenyeza, akamshika Zuena kiganja.

"Dada, saa yangu haikuwa mbovu."

"Najua."

"Ukirudi nitasema. Wallahi ukirudi nitasema."

"Sema sasa, Warda. Watu wote wako hapa. Sema kabla sijazama."

Warda alimtazama Suhail. Akatazama bahari, alikokuwa mama yake. Akaachia kiganja, akashika daftari.

Basi Zuena akashuka botini. Mashine ikawaka. Kamba ile mpya ilimbana mbavu kila alipovuta pumzi.

Suhail alikuwa bado ngazini. Alipanda ngazi mbili kurudi juu, akamwendea Mzee Muhidini, akampa mkono wa kulia, na kwa ule wa kushoto akamshika bega, kama kijana aliyelelewa vizuri. Watu wakanyamaza kumsikiliza, na wengine, Mungu awasamehe, walianza kuitikia amin kabla hajamaliza.

"Mzee wangu, usiwe na wasiwasi," Suhail akasema, kwa sauti iliyofika mpaka botini. "Mbele ya watu wote hawa nakuahidi. Mwanao akiniomba mara tatu, nitamvuta."